Mng'ao wa Asili wa Sarafu na Mng'ao wa Kusuguliwa: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoharibu sarafu nyingi kuliko nyingine zote ni ile ya kudhani kwamba mng'ao ni usafi, na kwamba sarafu iliyofifia inaweza kurudishiwa mng'ao wake kwa kusuguliwa. Ukweli ni kwamba mng'ao wa asili ni umbo la uso wa metali wenyewe. Sarafu inapopigwa kiwandani, kipande cha metali hubanwa kati ya mihuri miwili ya chuma kwa nguvu kubwa kiasi kwamba metali hutiririka kutoka katikati kuelekea ukingoni na kuingia katika herufi na picha zilizochongwa. Mtiririko huo huacha mifuo midogo mno, na mifuo hiyo ndiyo inayoakisi nuru. Ukiishika sarafu ya aina hiyo chini ya taa moja, ukaiinamisha kidogo huku ukiizungusha, utaona mikanda ya nuru ikizunguka usoni mwake kama spoki za gurudumu. Dawa ya meno, majivu au kitambaa laini haviwezi kuiumba upya mifuo hiyo. Huisaga, na ikishasagwa hakuna fundi awezaye kuirudisha.

Kutokana na dhana hiyo huzaliwa nyingine, kwamba kadiri sarafu inavyomeremeta ndivyo ilivyo bora. Sarafu iliyosuguliwa nayo humeremeta, wakati mwingine kuliko ile iliyotoka kiwandani jana, lakini nuru yake haitembei: huwaka uso mzima kwa pamoja, kisha huzimika kwa pamoja. Chini ya lenzi inayokuza mara 5 hadi 10 huonekana mikwaruzo myembamba kama nywele, mingi ikielekea upande mmoja. Ishara nyingine, ambayo kwa maoni yangu haitiliwi maanani vya kutosha, ni mahali mng'ao ulipo. Sarafu iliyotumika hupoteza mng'ao kwanza katika sehemu zilizoinuka, kama vile shavu na nywele za picha, na hubakiza kiasi fulani katika vipenyo vya herufi ambako vidole havifiki. Ikiwa shavu limelika na bado linang'aa sawasawa na uwanja, yaani sehemu tambarare isiyo na picha wala herufi, sarafu hiyo imesafishwa.

Hata hivyo, si kila mstari ni ushahidi wa kusafishwa, na wengi wanaoanza kujifunza huzikataa sarafu nzuri kwa kosa hilo. Mafundi wa kiwandani huung'arisha muhuri, na mikwaruzo inayobaki kwenye muhuri hutokea kwenye sarafu ikiwa imeinuka. Mistari hiyo hukaa uwanjani na hukoma inapofika kwenye picha, kwa kuwa uwanja ndio sehemu ya juu ya muhuri inayoguswa na kifaa cha kung'arishia. Mkwaruzo wa kusafisha umezama ndani ya metali, na hupanda juu ya picha na herufi bila kujali mpaka. Vivyo hivyo, dola za fedha za Marekani za aina ya Morgan, zilizopigwa kuanzia mwaka 1878, zilihifadhiwa katika mifuko ya sarafu 1,000, na makovu ya kugongana humo si dalili ya kusuguliwa.

Penye utata zaidi ni kuchovya sarafu katika dawa ya asidi. Wauzaji wengine husisitiza kwamba kuchovya si kusafisha kwa sababu hakuna kilichosugua. Ni kweli kwamba dawa hiyo haiachi mikwaruzo, lakini inapoondoa weusi huondoa pia tabaka jembamba la fedha lililoungana na salfa. Kuchovya mara moja, kwa muda mfupi, huenda kusionekane; kukirudiwa, mifuo hulika, na sarafu hubaki nyeupe lakini imepooza. Mtazamaji anayetafuta mikwaruzo peke yake hataugundua uharibifu huo. Njia ya kuugundua ni ile ile ya kuizungusha sarafu chini ya taa.

Rangi nayo huhukumiwa isivyo haki. Manjano, zambarau na buluu ya fedha kongwe hutokana na utando mwembamba wa salfa, na ikiwa mikanda ya nuru ingali inapita chini ya rangi hizo, mng'ao wa asili ungali hai. Utando mweusi mzito ni jambo jingine, kwani huo huila metali. Kwa upande wa shaba nyekundu, rangi ya waridi isiyo na kina humtia shaka mtazamaji mzoefu mara moja.

Wapo pia wanaoamini kwamba sarafu isiguswe na kitu chochote kamwe. Lakini asetoni halisi, ambayo ni kimiminika kiyeyushi, huyeyusha mafuta, gundi na utando wa kijani unaoachwa na mifuko ya plastiki ya PVC, bila kula fedha wala dhahabu. Itumike mbali na moto na penye hewa ya kutosha. Sarafu ilowekwe, isuuzwe kwa asetoni safi, kisha iachwe ikauke yenyewe pasipo kufutwa.