Je, wajua kwa nini kano ya kisigino hupona kwa kubebeshwa mzigo?

Mtu anaamka alfajiri, anashusha mguu kitandani, na hatua zake za kwanza anazipiga kwa kuchechemea kama aliyekanyaga mwiba. Akishakwenda msikitini na kurudi, maumivu yamepungua. Akibana kwa vidole viwili kamba nene iliyo juu ya kisigino, hukuta sehemu iliyovimba kama fundo, nayo huuma ikiminywa. Hiyo ndiyo kano ya kisigino, iitwayo pia kano ya Achilles, kwa jina la shujaa wa hadithi za Wagiriki aliyeuawa kwa jeraha la hapo. Inaunganisha misuli ya shavu la mguu na mfupa wa kisigino, na mtu anapokimbia hubeba mzigo unaokadiriwa kuwa mara 6 hadi 8 ya uzito wa mwili wake.

Kwa miaka mingi jibu la tatizo hili lilikuwa moja, nami nililiamini bila ya kuuliza: kano imetumika mno ikavimba, basi ipumzishwe, ikandwe kwa mafuta ya karafuu, na mgonjwa anywe dawa za kupunguza uvimbe mpaka moto utulie. Nilifuata masharti hayo kwa wiki 6 baada ya kuumia katika mbio za asubuhi Maisara, hapa mjini Unguja. Maumivu yalikwisha, nikarudi kukimbia, na siku ya tatu nikachechemea tena. Nikahukumu kwamba sikupumzika vya kutosha, nikaongeza wiki 4. Matokeo yakawa yale yale. Kosa halikuwa katika mafuta, ambayo hupoza maumivu kwa muda, bali katika neno “uvimbe”, kwa maana ya ule wa moto unaoletwa na chembe za kinga za mwili. Wachunguzi walipoweka chini ya darubini vipande vya kano zilizouma kwa miezi, walitarajia kukuta chembe za kinga zimejaa kama kwenye jipu, wakakuta chache mno. Uchunguzi wa karibuni umeonesha kuwa hazikosekani kabisa, kwa hiyo kusema hakuna uvimbe wowote wa aina hiyo nako ni kupita kiasi. Lakini jambo kubwa linaloonekana pale ni nyuzi zilizovurugika.

Aliyewahi kukaa na wanawake wa Jambiani, kijiji cha pwani ya Unguja, wanaosokota kamba za usumba ataelewa haraka. Makumbi ya nazi hufukiwa pwani kwa miezi, hufukuliwa, hupigwa kwa magongo mpaka nyuzi ziachane, kisha nyuzi husokotwa kwa viganja. Nyuzi zikilala upande mmoja, kamba huwa nyembamba na ngumu. Zikikaa ovyo, huwa nene, laini na dhaifu, hata kama usumba ni ule ule. Kano inayouma muda mrefu ni kamba ya pili: nyuzi zake zimepotoka, imenyonya maji katikati, na ndiyo maana hunenepa bila ya kupata nguvu.

Mfano wa kamba unakomea hapo, kwa sababu kamba haijitengenezi, na kano ina mafundi ndani yake. Kati ya nyuzi zimo chembe hai chache zenye kazi ya kutengeneza nyuzi mpya, nazo hupokea amri kwa kuvutwa. Chukulia msokotaji aliyefumba macho, ambaye hujua uzi uelekee wapi kwa sababu tu mwenzake wa upande wa pili ameishika ncha na kuivuta. Ncha ikiachiwa, hukaa akasubiri. Kuipumzisha kano wiki 6 ni kuiachia ncha ile. Kuivuta kwa kishindo kila asubuhi, kabla uzi wa jana haujakamilika, ni kumharibia kazi. Kinachomfaa ni mvuto mzito, wa polepole, unaorudiwa.

Ushahidi ulikuja kwa njia ya kuchekesha. Håkan Alfredson, daktari wa mifupa wa Umeå nchini Uswidi, alikuwa mkimbiaji mwenye kano mbovu, na inasimuliwa kwamba aliomba apasuliwe akakataliwa. Akaamua kuiharibu zaidi kwa mazoezi mazito ili asikataliwe tena. Kano, badala ya kukatika, ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji 15 waliofanya zoezi hilo kwa wiki 12, na wote wakarudi kukimbia. Idadi hiyo ni ndogo, na tafiti zilizofuata hazikung'ara kiasi hicho, ingawa mwelekeo umebaki ule ule. Tena, maumivu huweza kwisha huku picha ya kipimo bado inaonesha fundo, kwa hiyo mafundi wangu si maelezo yote.

Zoezi lenyewe halihitaji kifaa. Hapa Mji Mkongwe kidato cha baraza kinatosha. Mtu husimama ukingoni, visigino vikielea, akajiinua kwa miguu yote miwili, akahamishia uzito kwenye mguu unaouma, kisha akakishusha kisigino taratibu mpaka chini ya usawa wa kidato. Alfredson aliagiza awamu 3 za mara 15 goti likiwa limenyooka, na 3 nyingine likiwa limepinda kidogo, asubuhi na jioni, jumla mara 180 kwa siku. Jirani yangu aliniuliza kama nimeweka nadhiri. Maumivu kidogo huvumiliwa, mradi yasizidi asubuhi ya pili yake. Kama panapouma ni pale kano inaposhikana na mfupa, kisigino kisishushwe chini ya usawa, kwa kuwa hapo kano hubanwa na mfupa.

Haya hayamhusu aliyesikia mlio kama wa kijiti kuvunjika nyuma ya mguu. Huyo alale kifudifudi, nyayo zikining'inia nje ya kitanda, na mtu amminye shavu la mguu: unyayo usipojisogeza, kuna uwezekano mkubwa kuwa kano imekatika, na afike hospitali siku hiyo hiyo. Na anayetumia siprofloksasini, dawa ya kuua bakteria, au dawa za jamii yake, akianza kusikia maumivu hapo, asimamishe mazoezi na amweleze daktari mara moja, kwa sababu dawa hizo huweza kudhoofisha kano hata ikakatika, na Marekani iliagiza mwaka 2008 ziwekewe onyo hilo.