Eti wapone kwanza ndipo wasome

Mfadhili mwingine amepita hapa kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na swali lile lile: hawa watoto wameona vita, si afadhali watibiwe kiwewe kwanza ndipo waende shule? Nilimjibu kwa adabu kwa sababu nilikuwa na beji shingoni. Hapa sina beji.

Kazi yangu ni ushauri nasaha. Imani hiyo ingeninufaisha mimi: mahema zaidi, viti vya plastiki zaidi, washauri zaidi. Lakini mtoto anayeshtuka mvua ikipiga mabati, au asiyekubali mama aende kuchota maji bila yeye, mara nyingi si mgonjwa. Aliogopa kitu cha kuogopwa. Wengi wao hutulia wakipata usalama, chakula, watu wao na siku inayojulikana itakwendaje. Mwongozo wa IASC (kamati inayounganisha mashirika ya misaada ya kibinadamu) wa mwaka 2007 kuhusu afya ya akili wakati wa dharura uliipanga misaada kwa umbo la piramidi: matibabu ya kitaalamu kileleni, kwa wachache, huduma za msingi na usalama chini kabisa, kwa wote. Shule iko huko chini na katikati. Mimi niko kwenye ncha, na ncha haikai hewani.

Wanaohitaji daktari wapo, na wapelekwe bila kungoja. Ila hata wao hawana haja ya kutolewa darasani. Atoke kwangu saa nne, saa tano awe kwenye hesabu.

Halafu kuna jambo wageni hawalioni. Shuleni mtoto anaulizwa yuko wapi. Asipoonekana siku mbili tatu, mwalimu makini humtuma jirani yake wa dawati akaulize nyumbani, na ndivyo tunavyojua kuhusu msichana anayetaka kuozwa au mvulana aliyekwenda kubeba mizigo sokoni. Ukiahirisha shule, umenifumba macho. Uji wa saa nne nao sina haja ya kuutetea.

Sasa wanaoniudhi kuliko huyo mfadhili: wale wanaodhani kuandikisha mtoto ndiyo kumaliza kazi. Tumeandikisha maelfu! Sawa, darasa gani?

Chukua kijana wa Kikongo (nimemuunga kutokana na wengi, usimtafute). Ana miaka 15. Kwao Bukavu alimaliza shule ya msingi kwa Kifaransa, na desimali anazigawa kichwani. Huku mtaala ni wa Kenya na masomo ni ya Kiingereza. Anapimwa kwa Kiingereza, anaonekana hajui kitu, anaketishwa na watoto wa miaka tisa. Magoti hayaingii chini ya dawati, kwa hiyo anakaa mshazari. Wenzake wanamwita babu. Anafuta ubao kabla hajaombwa, maana kazi ile angalau inataka mtu mrefu. Baadaye tumbo linaanza kumuuma kila Jumatatu, naye analetwa kwangu na karatasi imeandikwa “kiwewe”.

Kiwewe gani? Hiyo ni aibu. Dawa yake ni Kiingereza cha jioni, na mtu wa kumpima hesabu kwa Kiswahili, lugha anayoijua yeye na mwalimu pia. Kiswahili chake kina “batoto” badala ya “watoto”, lakini sehemu na desimali hazijali. Madarasa ya kuharakisha, yanayobana miaka ya msingi kwa waliopitwa na umri, yapo hapa. Nafasi ndizo hazitoshi.

Na darasa la watoto zaidi ya mia, mwalimu akiwa kijana mkimbizi anayelipwa posho, halimtulizi mtu kwa sababu tu limeitwa shule. Fimbo je? Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imeipiga marufuku, lakini watoto bado wananisimulia. Kwa aliyekimbia kupigwa, shule ya namna hiyo ni kumrudisha alikotoka.

Nina mashaka yangu pia. Nikiona wanafunzi wana nafuu kuliko walioacha, siwezi kuapa kwamba shule ndiyo iliyowapa nafuu. Pengine waliokuwa na nafuu ndio walioweza kubaki. Na kuna waliomaliza kidato cha nne. Sheria ya Wakimbizi ya 2021 inamruhusu mkimbizi mwenye sifa zinazotambuliwa kufanya kazi, lakini kibali ni safari nyingine. UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, inalenga asilimia 15 ya vijana wakimbizi wawe vyuoni ifikapo 2030. Mwaka 2019 walikuwa asilimia 3. Baadhi ya watu waliovunjika moyo kabisa niliokutana nao wana cheti, tena chenye alama nzuri, na wameketi nacho kambini. Wakati mwingine nahisi tumewaahirishia huzuni tu. Hata hivyo sijakutana na mmoja wao aliyeniambia angetamani asingesoma.

Kwa hiyo mfadhili, ukirudi na pesa za hema la ushauri, uliza kwanza shule jirani ina vyoo vya wasichana vyenye mlango unaofungika. Kama haina, jenga hivyo. Hema nitalivumilia nililonalo.