Je, wajua kwa nini vyuo vya kilimo vya nchi jirani hupanda mbegu ileile?

Tuseme watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, wana aina kumi za maharage mapya na wanataka kujua ipi ni bora. Wanazipanda kwao. Kisha wenzao wa Makerere, Kampala, wanapelekewa mbegu zilezile, na wa Chuo Kikuu cha Egerton kule Njoro, Kenya, nao wanapata fungu lao. Kwa nini wasipande mara moja tu, kwa uangalifu, halafu wawatumie majirani majibu?

Jibu la haraka ni fedha na sifa. Maabara ni ghali, wafadhili hupenda miradi ya nchi nyingi, na wakuu wa vyuo hawachukii kupigwa picha wakitia saini hati za makubaliano. Yote hayo yapo. Lakini kama shabaha ingekuwa kubana matumizi, jaribio hili lingekuwa kichekesho. Kupanda mahali patatu kunagharimu kuliko kupanda mahali pamoja, na hapo bado hujafuatilia cheti cha afya ya mimea wala kibali cha kuingiza mbegu, ambacho kikichelewa kidogo mvua inakuwa imekwisha.

Chini ya jibu hilo imejificha dhana nyingine, na hiyo ndiyo inayopotosha zaidi: kwamba ubora ni mali ya mbegu yenyewe, hivyo ukishaupima mahali pamoja umeupima kwote. Kwa dhana hii, jirani anaporudia jaribio anakagua tu kama hukukosea hesabu. Tena shamba zuri kuliko yote, lenye rutuba na maji ya uhakika, ndilo lingefaa kuwa hakimu. Kumbe shamba la namna hiyo ni hakimu mpole mno. Mbegu isiyostahimili ukame haina pa kuumbukia penye umwagiliaji, na ile iliyobeba ustahimilivu huo haina pa kuuonyesha. Mavuno ni matokeo ya mbegu ikikutana na mahali. Ukibadilisha mahali umebadilisha nusu ya jaribio.

Fikiria ligi ya mpira. Timu inaweza kushinda mabao sita nyumbani wiki hii, na wiki ijayo ikapigwa ugenini na timu ya mkiani. Hakuna shirikisho linalotoa kombe kwa kuangalia mechi za uwanja mmoja. Sasa, kama kila timu ingeshuka kiwango ugenini kwa kipimo kilekile, msimamo usingebadilika na safari zote zingekuwa hasara ya nauli. Ligi inahitaji ugenini kwa sababu msimamo hupinduka. Kwa mbegu ni vivyo hivyo. Chukua mfano wa kubuni: Morogoro aina A inatoa tani 2 kwa hekta na aina B tani 1.6, lakini Njoro A inashuka hadi 1.2 na B inapanda hadi 2.2. Hapo huwezi kusema Njoro ni pazuri au pabaya kwa maharage. Kilichotokea ni kwamba wa kwanza amekuwa wa pili. Halafu kuna mtego: wastani wa B ni 1.9 na wa A ni 1.6, kwa hiyo mkulima wa Morogoro akifuata msimamo wa ligi nzima ataacha mbegu inayomfaa zaidi yeye. Ndiyo maana jedwali moja husomwa mara mbili, kwanza kumtafuta bingwa wa jumla, kisha kumtafuta asiyefungika kwake.

Kinachopindua msimamo katika ukanda huu, zaidi ya mvua na udongo, ni mwinuko. Karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana: hata Morogoro, tofauti ya mchana mrefu kabisa na mfupi kabisa katika mwaka haifiki saa moja. Joto ndilo linaloachana. Chuo cha Morogoro kiko mita 500 na kitu juu ya usawa wa bahari, shamba la Makerere la Kabanyolo karibu mita 1,200, Njoro zaidi ya mita 2,000. Kwa kuwa joto hupungua kwa takriban nyuzi 6 za Selsiasi kila mita 1,000 unazopanda, kati ya Morogoro na Njoro kuna pengo la karibu nyuzi 10, na mmea wa ukanda wa chini ukipelekwa kwenye baridi hiyo unachelewa kuchanua na kukomaa. Ukihesabu kwa mwinuko, ujirani wenyewe unakuwa kitu cha ajabu. Mahindi ya H611, yaliyotolewa Kenya mwaka 1964 kwa ajili ya nyanda za juu, yalipatikana kwa kuchanganya mahindi ya Kitale na mahindi kutoka milima ya Ecuador. Kwa mahindi hayo, ng'ambo ya Atlantiki palikuwa karibu kuliko Mombasa.

Magonjwa nayo yana hesabu yake. Mwaka 1998 aina mpya ya kutu ya shina ya ngano, ugonjwa unaoletwa na kuvu, iligunduliwa Uganda, nayo ikajulikana kama Ug99. Ilivunja kinga ya jeni iitwayo Sr31, ambayo wazalishaji wa mbegu duniani walikuwa wameitegemea kwa miaka mingi. Nchi ambayo haijafikiwa ingejuaje kama ngano yake itasimama? Kuagiza kuvu ili kuijaribu nyumbani ni wazimu. Njia salama ni kupeleka mbegu kwenye ugonjwa. Tangu 2005 ngano za nchi nyingi zimekuwa zikipandwa katika kituo cha serikali cha utafiti kilichoko Njoro, makusudi kabisa ziugue, na sehemu kubwa ya zilizopelekwa mwanzoni ziliugua kweli.

Tahadhari moja: msimu mmoja, hata katika mashamba matatu, unathibitisha kidogo kuliko jedwali linavyoonekana. Mwaka wa ukame Kampala unaweza kuonekana kama tabia ya Kampala, kumbe ni tabia ya mwaka huo. Majaribio hurudiwa kwa misimu kadhaa ili kutenganisha viwili hivyo, na hapo vyuo huteseka, kwa sababu mwanafunzi wa uzamili ana misimu miwili tu, mitatu akibahatika.

Kushirikiana si jambo geni katika vyuo hivi. Kuanzia 1963 hadi 1970 kulikuwa na Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki: kilimo kilisomwa Makerere, udaktari wa mifugo Nairobi, sheria Dar es Salaam. Kilipovunjika kila nchi ikabaki na chake. Mwaka 2004 vyuo 10 vya kanda vikaunda RUFORUM, mtandao wenye makao Kampala ambao sasa una wanachama zaidi ya 100, na mgawanyo wa kazi ukarudi kwa mlango mwingine. Uzamivu wa uzalishaji mbegu, kwa mfano, ukawekwa Makerere, na wa rasilimali za nyanda kame Nairobi.

Sheria nazo zimeanza kuamini shamba la jirani, ingawa kwa kusitasita. Kwa kanuni za mwaka 2014 za COMESA, soko la pamoja la nchi za mashariki na kusini mwa Afrika, aina ya mbegu iliyoidhinishwa katika nchi mbili wanachama inaweza kuingizwa kwenye orodha ya pamoja na kuuzwa katika nchi zote za jumuiya hiyo bila kuanza majaribio upya. Kenya na Uganda wamo. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000 na iko SADC, jumuiya ya maendeleo ya kusini mwa Afrika, yenye utaratibu wake unaofanana na huo. Kwa hiyo harage lililofaulu Kampala na Njoro linaweza kuingia katika orodha ya COMESA, na Morogoro likaendelea kuhesabiwa mgeni.