"Mbona Kwenye Simu Iko Safi?": Dhana Zinazoharibu Vipeperushi

Wiki iliyopita nimeisikia tena kauli hiyo, safari hii kutoka kwa mwenye duka la vitenge hapa Mwanza. Aliyeipokea ni mwanafunzi wa usanifu aliye kwetu, kwenye uchapaji, kwa mafunzo ya vitendo. Binti alikuwa amekabidhiwa kipeperushi chake cha kwanza: A4, mikunjo miwili. Picha zote 14 ziliingia kwa WhatsApp. Alihangaika nazo siku mbili, na kwenye kompyuta kazi ikapendeza. Tulipotoa nakala moja ya majaribio, maua ya kitenge yalikuwa madoa. Zile nyufa nyembamba zinazoachwa na nta, ambazo mama anayejua vitenge huzitafuta kabla hajauliza bei, hazikuonekana kabisa.

Skrini ya simu ni ndogo, na picha ikibanwa humo lazima ipendeze. Karatasi haikufichii kitu. Tunachapa kwa pikseli 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha ya kujaza A4 inahitaji pikseli 2,480 kwa 3,508. WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana, upande mrefu ukabaki na pikseli 1,600 hivi. Gawanya kwa 300: inchi tano na kitu, yaani sentimita 13 na nusu. Ukiivuta kupita hapo unavuta ukungu.

Watu wakisikia hivyo hukimbilia kukodi mpiga picha. Si lazima! Kamera ya simu yenye megapikseli 12 hutoa picha ya pikseli 4,000 kwa 3,000, inajaza A4 na chenji inabaki. Picha inaharibikia njiani. Itume kama dokumenti, au iweke kwenye flashi upande daladala uniletee. Nauli hiyo ni ndogo mno ukilinganisha na nakala elfu moja za kutupa.

Binti naye alikuwa na dhana yake, na karibu kila mwanafunzi huja nayo: ukifuta pikseli 72 kwa inchi kwenye programu ya usanifu ukaandika 300, picha imepona. Haijapona. Programu ikilazimishwa kuongeza pikseli hukisia tu kutokana na zilizo jirani, na ufa wa nta uliokwisha kupotea haukisiwi. Nikamrudisha dukani na simu yake. Alitandaza vitenge barazani asubuhi, kabla jua halijawa kali, akapiga upya kimoja kimoja. Ilimchukua saa moja na nusu, na nyufa zikarudi.

Mengine niyapitie haraka.

"Rangi itatoka kama ilivyo kwenye skrini." Skrini inawaka, karatasi haiwaki. Mtambo una wino wa aina nne: sayani, majenta, njano na nyeusi. Buluu kali huelekea zambarau, kijani cha kung'aa hufifia. Chukua nakala ya majaribio, ilaze juu ya kitambaa chenyewe, sogea dirishani uangalie. Mimi siwashi mtambo kabla mteja hajaisaini nakala hiyo.

"Nembo iko Facebook, ichukue huko." Ile ni picha ndogo. Nataka faili la vekta, linalokuzwa hadi ukubwa wa bango bila kuchakaa. Kama aliyekuchorea hakukupa, mdai. Ulimlipa.

"A4 igawanywe sehemu tatu sawa." Upana ni milimita 297, ukurasa unaoingia ndani upewe 97, zile nyingine mbili 100 kila mmoja. Ukizilinganisha, ule wa ndani hugota kwenye mkunjo na kujipinda. Na rangi ya pembeni ivuke ukingo kwa milimita 3, maana kisu cha kukatia karatasi kikisogea kidogo tu, mstari mweupe unabaki.

"Nafasi tupu ni hasara." Hapa tulibishana na mwenye duka karibu mchana mzima. Alitaka Jiwe la Bismarck, lile maarufu la hapa Mwanza ziwani, na machweo ya ziwa nyuma ya vitenge, na namba ya simu mara tatu. Kitenge chenyewe kimejaa maua. Ukikiwekea mawe na mawimbi nyuma, jicho halijui litue wapi. Binti alimwekea nakala mbili juu ya kaunta, moja yenye jiwe, nyingine nyeupe tupu kuzunguka kitambaa. Mama mmoja aliyeingia kununua doti ya kanga akachukua ile nyeupe, akaweka kidole juu ya picha, akauliza, "Hiki mnacho?"

Ndiyo tuliyoichapa.