Kukrashi sio kuganda, na wala sio kuzima

"Fundi shikamoo, gemu inakrashi."

"Marahaba. Inakrashi vipi?"

"Inakrashi tu."

Haya maongezi nayafanya karibu kila siku hapa Mwanga, Kigoma mjini, na juzi nimeyafanya na kijana ambaye kabla ya kufika kwangu alishapeleka laptopu kwa fundi mwingine akasema neno hilo hilo, inakrashi, yule fundi akapiga Windows upya, picha za msiba wa babu yake zikaenda na maji, na tatizo la gemu likabaki pale pale. Kwa neno moja. Ndo maana nimekaa kuandika.

Kukrashi ni hivi: programu imefanya kosa ambalo haiwezi kuendelea nalo, inakatishwa hapo hapo, dirisha lake linapotea, we unajikuta unaangalia desktopu na kompyuta yenyewe inawaka vizuri tu, hata muziki ulioufungulia pembeni unaendelea. Maana ni hiyo.

Sasa watu wanaita krashi kila kitu. Picha ikikatakata, krashi. Skrini ikisimama, krashi. Laptopu ikizima mzima mzima, krashi. Gemu ikigoma kufunguka kwa sababu kuna faili la dll, yaani faili la msaada ambalo programu inalitegemea, halipo, nayo eti imekrashi, wakati hiyo hata kuanza haijaanza.

Neno lenyewe naelewa linakotoka. Kwa Kiingereza ni neno la sauti, kishindo cha kitu kinachoanguka na kuvunjika, sisi tukalichukua tukalimalizia na i, likaingia kundi moja na kusafiri na kufikiri, ndo maana ukikanusha halibadiliki: inakrashi, haikrashi. Linganisha na kuganda ambalo ni letu, inaganda, haigandi. Kwa mafundi wa zamani lilikuwa pia neno la hadi diski (hard disk, inakohifadhiwa data), zile za sahani, ambazo kichwa cha kusomea kinaelea juu ya sahani inayozunguka kwa kaupenyo kadogo kuliko hata unene wa unywele, sasa siku kikigusa kinaikwaruza sahani na data zako ndo basi tena. Pale kweli kuna kitu kimegonga kitu. Kwa hiyo ukimsikia fundi mtu mzima anasema hadi diski imekrashi, anakwambia imekufa, andaa hela ya nyingine.

Kwenye gemu hakuna kilichogongana, na hapa ndo panaponiuma zaidi, kwa sababu hilo neno la kishindo linafanya watu waone kama gemu imeanguka yenyewe. Haijaanguka. Imetolewa. Windows inaipa kila programu eneo lake kwenye ramu, yaani kumbukumbu ya kompyuta ya kufanyia kazi, sasa gemu ikienda kusoma au kuandika sehemu isiyo yake inazuiwa, na kama haina njia ya kujirekebisha basi inafungwa ili isilete madhara kwa wengine. Hilo kosa lina namba kabisa, 0xc0000005, wengi mmeshaiona mkabonyeza sawa mkaendelea na maisha.

Sisi watu wa Kigoma tuna mfano wetu hapa hapa ziwani. Utasikia mtu anasema meli ya Liemba ilizama enzi za Mjerumani. Haikuzama, ilizamishwa, Wajerumani wenyewe waliizamisha Julai 1916 wakati wanakimbia, na kabla ya hapo injini walizipaka grisi zisiharibike majini, Waingereza wakaja kuiopoa 1924 na 1927 ikarudi kupiga kazi. Anayejua ilizamishwa ndo atauliza nani kaizamisha na kwa nini, na akiuliza atajibiwa, maana sababu zipo. Gemu iliyotolewa ni hivyo hivyo, aliyeitoa yupo na sababu kaiandika.

Kuganda ni habari nyingine kabisa. Mawese yakilala usiku wa Julai asubuhi unayakuta yameganda kwenye dumu, sio kwamba hayapo, yapo, yanasubiri moto. Gemu ikiganda bado ipo kwenye ramu, inasubiri kitu, labda diski inasoma taratibu, labda kadi ya grafiksi haijajibu, labda imeingia kwenye mzunguko ambao hautoki. Windows ikiona dirisha halijaitikia kwa sekunde 5 ndo inakuandikia kwamba programu haijibu, na mara nyingi ukiwa mvumilivu inarudi, ila vijana mnaifunga kwa nguvu halafu mnasema imekrashi. Umeifunga wewe. (Wanaosema imestaki siwalaumu, angalau wanamaanisha imekwama, ingawa masikioni mwangu bado inasikika kama kuna mtu kapelekwa mahakamani.)

Na Windows yenyewe haichanganyi haya mambo. Bonyeza kitufe cha Start kwa kulia, ingia Event Viewer, daftari ambamo Windows inaandika matukio, fungua kumbukumbu za programu (Application) uangalie saa ile ile tatizo lilipotokea: programu iliyokrashi inaandikwa namba 1000, iliyoganda ikafungwa inaandikwa namba 1002. Ukienda kumbukumbu za mfumo (System) ukakuta Kernel-Power namba 41, hiyo ni kwamba kompyuta imewaka bila kuwa imezimwa vizuri, yaani ilikatika, na gemu inaweza isiwe na kosa lolote. Kwenye ile 1000 kuna jina la faili ambamo kosa lilitokea, likiwa faili la driva ya kadi ya grafiksi, yaani programu inayoiendesha hiyo kadi, unaanza na driva, likiwa la gemu yenyewe unahakiki mafaili ya gemu, ila ukikuta ntdll usiikimbilie kuilaumu, ni faili la Windows ambalo karibu kila programu inapitia, mara nyingi kosa linaonekana pale lakini limeanzia kwingine. Skrini ya bluu nayo ni krashi halali kabisa, ila hapo aliyekrashi ni Windows.

Turudi kwa yule kijana. Nikamwambia mdogo wangu achana na neno krashi, niambie ikitokea unaona nini. Akasema inakuwa nyeusi. Gemu tu au yote? Yote, na taa inazima, naiwasha upya. Baada ya muda gani? Akafikiria, akasema mechi ya pili, kabla haijaisha, na nikiiwasha hapo hapo inazima mapema zaidi. Betri nzima, hata umeme ukikatika inakaa. Event Viewer nikakuta 41 zimepangana na hakuna 1000 hata moja.

Nikafungua mfuniko wa chini. Kati ya feni na zile pezi za shaba kulikuwa na vumbi letu hili jekundu, limeshikamana na nyuzi za blanketi, nimelitoa kwa kibanio likatoka kipande kizima kama mfano wa kitambaa kizito, kwa sababu alikuwa anachezea kitandani na tundu la hewa linanyonya blanketi. Ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ilishakauka, ukiigusa inapukutika kama unga wa muhogo. Joto halikuwa na pa kutokea, prosesa ikifika kikomo mashine inajizima kujiokoa. Nikasafisha, nikapaka dawa mpya, tukacheza mechi tatu pale pale mezani, feni inapuliza hewa ya moto nje inavyotakiwa.

Windows yake haikuwa na kosa hata siku moja, na zile picha hazikuwa na sababu ya kupotea. Yule fundi wa kwanza nadhani alisikia krashi akatibu krashi, angeuliza swali moja tu zaidi angeshika feni.

Kinachonishangaza ni kwamba neno sahihi tunalo na tunalitumia kila siku kwenye simu. Mtu akifungua programu ikajifunga anasema "inanitoa". Hakuna anayechanganya inanitoa na inaganda, wala inanitoa na inazima, hata mtoto wa darasa la tatu hachanganyi. Kwa hiyo ukija kibandani na laptopu, kama krashi huna uhakika nalo liache, sema inanitoa, au inaganda, au inazima yote, na kama unakumbuka niambie ni dakika ya ngapi.