Saa tatu au saa sita? Dhana potofu kuhusu migongano ya Biblia

Kila Alhamisi jioni, hapa Malindi, huwa tunakutana watu kumi na wawili hivi chini ya mwembe nyuma ya kanisa, kila mmoja na Biblia yake iliyokunjika pembe. Alhamisi moja kijana wa kidato cha nne aliuliza swali. Alikuwa ameshika kurasa mbili kwa vidole viwili. "Marko anasema walimsulubisha saa tatu. Yohana anasema saa sita alikuwa bado yuko mbele ya Pilato. Tushike lipi?" Aliyekuwa akiongoza akamwambia asilijaribu Neno la Mungu. Tukaimba, tukafunga kwa sala. Kijana alichomoa kidole kimoja, kisha cha pili, akafunga kitabu. Alhamisi iliyofuata hakuja, wala nyingine.

Mimi ni muumini, na nasema hivyo mapema ili mtu asinidhanie. Lakini swali lile lilitoka kwa mtu aliyesoma kwa makini, nasi tulimnyima jibu. Naandika kwa ajili yake, na pia kwa ajili ya ndugu zetu wa mihadhara ya dini ambao huja na orodha ndefu ya aya, wakaamini kwamba kuisoma orodha kwa kipaza sauti ndiyo kumaliza kazi.

Dhana: Tatizo la saa limeletwa na tafsiri ya Kiswahili.

Ni kinyume. Mswahili ndiye anayeliona tatizo hili upesi kuliko Mwingereza, kwa sababu tunahesabu saa tangu macheo kama walivyohesabu Wayahudi wa wakati ule. "Basi ilikuwa saa tatu, nao walimsulibisha," anasema Marko 15:25. Saa tatu kwetu ni asubuhi imepanda, wavuvi wa usiku wamesharudi na samaki wananadiwa ufukweni. Yohana 19:14 inasema ilikuwa "yapata saa sita", na Pilato ndiyo kwanza anawaonyesha watu mfalme wao. Hiyo ni jua la utosi, adhana ya adhuhuri inakaribia. Kati ya nyakati hizo mbili mtu ameshalima, amesharudi, ameshaoga.

Jibu linalopendwa sana na wahubiri ni kwamba Yohana alihesabu kwa saa za Kirumi, kuanzia usiku wa manane, kwa hiyo saa sita yake ni saa kumi na mbili yetu ya asubuhi. Nimelitumia jibu hili mwenyewe kwa miaka, na siku hizi silitumii. Ni kweli siku ya kisheria ya Warumi ilianza usiku wa manane, lakini saa zao za mchana walizihesabu tangu macheo, na saa yao ya sita ilikuwa katikati ya mchana. Halafu Yohana mwenyewe, sura ya 11 aya ya 9, anamnukuu Yesu akiuliza, "Saa za mchana si kumi na mbili?" Huyo anahesabu kama sisi.

Yapo majibu mengine. Augustino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, alisema saa tatu ni pale umati ulipopiga kelele asulubiwe, yaani walimuua kwa ndimi kabla ya askari kumuua kwa misumari. Eusebio wa Kaisaria, mwanahistoria wa Kanisa la kale, alidhani ni kosa la mnakili, maana Wayunani waliandika namba kwa herufi, na herufi ya tatu na ile ya sita ziliweza kufanana. Wengine wanakumbusha kwamba hakuna aliyevaa saa mkononi. Mchana uligawanywa mafungu ya saa tatu tatu, na neno "yapata" linabeba mengi.

Wenye shaka wanasoma kwa njia nyingine. Wanasema tofauti si ya saa tu, ni ya siku. Katika Marko 14:12 karamu ya mwisho ndiyo Pasaka yenyewe. Katika Yohana 18:28 asubuhi ya kusulubiwa watu walikuwa bado hawajaila Pasaka. Kwa Yohana, Yesu anakufa siku ya Maandalio, mchana ambao wana-kondoo walikuwa wakichinjwa hekaluni, na huyu ndiye mwandishi aliyemtaja Yesu kuwa Mwana-Kondoo tangu sura ya kwanza. Basi, wanasema, amepanga saa ili ihubiri.

Hapa mjadala wetu wa Pwani unapokosea njia. Tunadhani kauli hii ya mwisho ni ya wasioamini peke yao. Sivyo. Wapo wataalamu wengi wa Biblia, Wakristo wanaosali, wanaokubali kwamba Yohana alipanga simulizi yake hivyo, na hawaoni kwamba amesema uongo. Mwenye shaka huona mwandishi aliyebadili tukio. Wao huona mwandishi anayekueleza tukio lilikuwa na maana gani. Aya ni ileile. Kinachotofautiana ni kila mmoja alidhani ameshika kitabu cha namna gani kabla hajakifungua. Mimi nimeegemea kwa hao wa pili, na imani yangu haikupungua hata chembe.

Dhana: Migongano hii imegunduliwa juzi, na Kanisa liliificha.

Mnamo mwaka 170 hivi, Tatiano, mwandishi Mkristo, alizichukua Injili nne akazisuka kuwa simulizi moja isiyo na mikwaruzo, na makanisa ya Siria yakaitumia mpaka karne ya 5. Katika karne hiyohiyo ya 2, Kelso, mwanafalsafa asiye Mkristo, aliandika kuwashambulia Wakristo. Origeni, mwalimu Mkristo, akamjibu kwa kirefu miaka ya 240. Augustino aliandika juu ya upatanifu wa Injili karibu mwaka 400. Kitabu cha Tatiano kilikuwa tayari kabisa, kimepigwa pasi. Kanisa likakiacha, likabaki na Injili nne pamoja na tofauti zake zote. Anayeficha hafanyi hivyo.

Dhana: Kauli mbili zinazopingana haziwezi zote kuwa kweli.

Fungua Mithali 26, aya ya 4 na ya 5. Ya kwanza inakataza kumjibu mpumbavu kwa upumbavu wake. Ya pili, chini yake tu, inaamuru umjibu. Marabi wa kale waliliona. Talmudi, mkusanyo wa mafundisho yao, inasimulia kwamba wahenga walitaka kukificha kitabu cha Mithali kwa sababu hiyo, kisha wakaamua kwamba aya moja inahusu mambo ya Torati na nyingine mambo ya kawaida.

Mswahili hahitaji hata suluhisho hilo. Bibi yako alikuambia haraka haraka haina baraka, na siku ya pili akakuambia ngoja ngoja huumiza matumbo. Hukumwita mwongo. Ulijua kwamba kazi yako ni kutambua leo ni siku ya methali ipi. Anayeziweka aya hizi mbili kwenye orodha yake ya makosa hajasikia methali zikisemwa nyumbani.

Na hapo kwenye "kusikia" pana jambo jingine dogo. Matendo 9:7 inasema wenzake Paulo waliisikia sauti; 22:9 inasema hawakuisikia. Wapo wanaojibu kwamba kitenzi cha Kiyunani kinabeba pia maana ya kuelewa, kama tunavyosema hapa, "Huyu hasikii Kigiriama." Ni jibu zuri, ila wajuzi wa Kiyunani hawakubaliani kama sarufi ya aya zenyewe inalithibitisha. Nalitoa kwa tahadhari.

Dhana: Mtu hawezi kuwa na babu wawili upande wa baba, kwa hiyo nasaba moja ya Yesu ni ya uongo.

Mathayo 1:16 inasema baba yake Yusufu ni Yakobo. Luka 3:23 inasema ni Eli.

Katika matanga ya baba yangu tulikaa mkekani usiku kuandika historia ya marehemu ya kusomwa kesho yake. Ami akasema babu yetu alikuwa mtoto wa yule kaka mkubwa. Shangazi akamkatiza: wa yule mdogo. Kalamu yangu ikasimama. Zogo likadumu kama robo saa, mpaka bibi mmoja mkongwe, aliyekuwa amejiinamia kwenye kona na leso yake, akasema wote wawili wanasema kweli. Mkubwa alifariki bila mtoto, mdogo akamrithi mjane, na mtoto wa kwanza akahesabiwa wa marehemu ili jina lisizimike. Niliandika majina yote mawili.

Miaka zaidi ya 1,700 iliyopita Julio Afrikano, mwandishi Mkristo, alitoa jibu hilohilo juu ya Yusufu. Alisema Yakobo na Eli walikuwa ndugu wa mama mmoja. Eli akafa bila mtoto, Yakobo akamchukua mjane kama inavyoagiza Kumbukumbu la Torati 25, akamzaa Yusufu: wa Yakobo kwa damu, wa Eli kwa sheria. Alidai habari hiyo ilitoka kwa jamaa za Yesu wenyewe. Wengine wakasema baadaye kwamba Luka anaandika ukoo wa Mariamu, lakini Luka hamtaji Mariamu pale.

Natamani jibu la Afrikano limalize mambo, kwa kuwa linafanana mno na nyumbani kwetu. Halimalizi. Orodha zinaachana tangu kwa Daudi, moja ikipita kwa Sulemani na nyingine kwa Nathani. Zinakutana kwa Shealtieli na Zerubabeli, kisha zinaachana tena. Mathayo ameruka wafalme watatu kati ya Yoramu na Uzia ili apate mafungu matatu ya vizazi 14, na herufi za jina Daudi kwa Kiebrania zikijumlishwa kama namba hutoa 14. Luka anapanda mpaka Adamu. Mwenye shaka anasema hizi ni orodha zilizotungwa. Naona ana haki ya kusema zimepangwa. Mathayo mwenyewe anatuonyesha hesabu yake katika aya ya 17, hajaifunika.

Dhana: Muumini akikubali kosa lolote katika nakala, ameikana Biblia.

2 Wafalme 8:26 inampa Ahazia miaka 22 alipoanza kutawala. Maandishi ya Kiebrania ya 2 Mambo ya Nyakati 22:2 yanasema 42. Baba yake alikufa na miaka 40. Mtoto hawezi kumzidi baba yake miaka miwili, na hapa sitafuti fumbo la kiroho: mnakili aliteleza. Hata tamko la wanateolojia Waprotestanti lililotolewa Chicago mwaka 1978, lenye msimamo mkali kabisa wa kwamba Biblia haina kosa, linasema hivyo kuhusu maandishi ya awali, si kila nakala. Wanaotunza hati za kale za tenzi za Lamu na Pate wanalijua jambo hili kwa vidole vyao: nakala mbili za utenzi mmoja, na beti hazilingani.

Kuhusu Yuda nitasema kifupi. Mathayo 27 inasema alijinyonga, Matendo 1 inasema alianguka akapasuka. Kusema kamba ilikatika inawezekana, lakini inayowezekana si lazima iwe iliyotokea. Tuliseme hivyo.

Dhana: Maswali haya huua imani, afadhali vijana wasiyasikie.

Bart Ehrman, Mmarekani msomi wa Agano Jipya anayetajwa sana na wenye shaka, alianza kuyumba na Marko 2:26, inayomtaja kuhani Abiathari pale ambapo 1 Samweli 21 inamtaja Ahimeleki. Lakini amesema mara nyingi kwamba kilichomtoa katika imani hatimaye ni mateso ya wanadamu, si migongano ya aya. Mwalimu wake Bruce Metzger, aliyezijua tofauti za nakala kuliko watu wengi duniani, alibaki Mkristo mpaka kufa.

Nami naishi Malindi. Mwaka 2023, msitu wa Shakahola, katika kaunti hii yetu ya Kilifi, ulifukuliwa miili zaidi ya 400, wakiwemo watoto. Walikuwa wafuasi wa mhubiri anayedaiwa kuwaambia wafunge mpaka kufa, na uchunguzi ulionyesha wengi walikufa kwa njaa. Tangu wakati huo siwezi tena kuvumilia kusikia kwamba hatari iko kwa kijana anayeuliza.

Yule wa kidato cha nne nilimkuta majuzi dukani kwa mjomba wake, akipima sukari. "Shikamoo mwalimu." Nilimwomba radhi kwanza, kisha nikamfungulia Yohana 20 juu ya kaunta. Aya ya kwanza inasema Mariamu Magdalene alikwenda kaburini, na hamtaji mtu mwingine, ilhali Mathayo, Marko na Luka wanataja wanawake zaidi. Nikamwambia asome aya ya pili taratibu, maneno ya Mariamu mwenyewe. Alisoma huku kidole kikifuata mstari: "Wamemwondoa Bwana kaburini, wala hatujui walikomweka."

Akarudia lile neno. "Hatujui." Akainua macho. "Mwalimu, hao wengine ni kina nani, na mbona Yohana amewanyamazia?"

Mteja alikuwa akigonga kaunta kwa sarafu. Nikavuta kigoda, nikaketi.