Mzigo uleule, uchovu tofauti: ngozi inavyochangia

Magunia yaleyale ya makala (mkaa wa kupikia), njia ileile ya kuingia Lubumbashi. Mwezi wa saba msukuma baiskeli anasema kazi ni ya kawaida. Mwezi wa kumi, mvua zikingojewa, anasema imemshinda. Misuli yake haijadhoofika. Ngozi yake ndiyo imepata joto.

Gunnar Borg, mwanasaikolojia wa Sweden, alitunga kipimo cha kumuuliza mtu mwenyewe anahisi anajikaza kiasi gani: 6 ni kutojikaza kabisa, 20 ni mwisho wa nguvu zake. Kwa kijana mwenye afya, namba hiyo mara 10 hukaribia mapigo ya moyo kwa dakika. Nakipenda kwa sababu hakidai mashine. Kinadai tu kumwamini anayefanya kazi.

Kazi ikianza, ngozi hupoa kidogo, kwani mishipa yake midogo hubana ili damu iende kwenye misuli. Lakini misuli hugeuza kuwa mwendo takriban robo tu ya nishati inayotumia. Nyingine yote ni joto. Likizidi, mishipa ya ngozi hufunguka, damu hulitoa nje, na jasho likikauka huondoka nalo. Ngozi ya aliyetulia ina nyuzi 33 hivi, ndani ya mwili 37, na tofauti hiyo ndiyo mteremko unaoshusha joto. Jua la Oktoba likiipasha ngozi kupita 35, mteremko unafupika: moyo unapaswa kulisha ngozi na misuli kwa pamoja, mapigo yanapanda, na aliyesema 12 anaweza kusema 16.

Tena ngozi hupeleka habari ubongoni kabla joto la ndani halijapanda sana, ndiyo maana mtu hupunguza mwendo mapema. Huo si uvivu, na wenye mizigo wasimharakishe.

Jihadharini na kunawa uso na shingo tu. Uchovu hupungua, mtu akaongeza kasi, kumbe ndani bado anachemka. Ni afadhali alowe mwili mzima na apumzike kivulini.

Akianza kupepesuka au kuongea ovyo, mlazeni kivulini, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji mwilini mkimpepea bila kukoma, huku mwingine akitafuta gari la kumpeleka hospitali. Aliyechanganyikiwa msimnyweshe kitu, anaweza kupaliwa.